Uzi: Kukompailia Pi Zero libmodbus kutoka laptopu ya Intel (wrong ELF class, GLIBC_2.34, Illegal instruction)

#1 dunga_data, Kisumu

Habarini wadau. Kazi yenyewe ni kusoma oksijeni majini kwenye vizimba vya samaki upande wa ghuba ya Winam. Kila safu ya vizimba ina Raspberry Pi Zero W moja ndani ya sanduku lisilopitisha maji, na kihisi cha oksijeni kinachoongea Modbus RTU (itifaki ya vifaa vya viwandani) juu ya waya za RS-485, 9600, 8N1. Bodi ni 18, zote zina Raspberry Pi OS ya biti 32, Bullseye. Laptopu ni Intel yenye Ubuntu 24.04.

Nimebadilisha mistari kadhaa ndani ya `modbus-rtu.c` ya libmodbus 3.1.10 (laibrari ya C ya kuongea Modbus), kwa hiyo ile ya apt hainifai. Nataka kukompaili mara moja kwenye laptopu kisha nisambaze .so (faili ya laibrari) kwa bodi zote.

```
sudo apt install gcc-arm-linux-gnueabihf
./configure --target=arm-linux-gnueabihf --prefix=/usr
make
```

Kwenye laptopu hakuna kosa lolote. Kwenye bodi, nikiifungua kwa ctypes ya Python:

```
OSError: ./libmodbus.so.5: wrong ELF class: ELFCLASS64
```

Nikijaribu `CC=arm-linux-gnueabihf-gcc ./configure`, inagoma: `cannot run C compiled programs`. Nimekosea wapi?

#2 NyarSeme, Kisumu

Kosa liko kwenye neno `--target`. Configure ina maneno matatu yanayochanganya watu:

`--build` ni mashine inayokompaili, yaani laptopu yako.
`--host` ni mashine itakayoendesha kitu kilichokompailiwa, yaani bodi.
`--target` inahusu tu programu ambazo zenyewe ni kompaila au linka (inayounganisha faili zilizokompailiwa). Laibrari ya kawaida haiitazami kabisa.

Kwa hiyo configure iliona `--target`, ikaipuuza, ikatumia gcc ya laptopu na kukuzalia faili ya x86-64. Ukiandika `file src/.libs/libmodbus.so.5.1.0` utaona imeandikwa x86-64. Fanya hivyo kabla ya kupeleka chochote kwenye bodi, inachukua sekunde moja.

Jaribio la pili lilifeli kwa sababu ulibadilisha kompaila bila kutaja `--host`. Configure ikadhani bado iko nyumbani, ikakompaili programu ndogo ya ARM na kujaribu kuiendesha kwenye Intel.

```
./configure --build=x86_64-linux-gnu --host=arm-linux-gnueabihf
```

Ukiweka `--host`, yenyewe itatafuta `arm-linux-gnueabihf-gcc`. Na `make distclean` kwanza, la sivyo faili za .o za Intel zitabaki na make itaziona ni mpya.

Lakini kwa bodi yako hiyo bado haitatosha. Nitarudi jioni nieleze.

#3 dunga_data

Asante dada. `file` sasa inasema ARM, EABI5. Nimekompaili na programu yangu `soma_do` papo hapo kwenye laptopu. Bodi inajibu:

```
./soma_do: /lib/arm-linux-gnueabihf/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found (required by ./soma_do)
```

#4 kondele_elf, Kisumu

Hiyo ni tofauti ya matoleo ya glibc, laibrari kuu ya C ya mifumo hii. Ubuntu 24.04 ina glibc 2.39, Bullseye ina 2.31. Programu iliyolinkiwa na glibc mpya haiendi kwenye ya zamani. Kinyume chake huenda bila shida. Ukitaka kujua ni kitu gani hasa kinachodai toleo hilo:

```
arm-linux-gnueabihf-objdump -T soma_do | grep GLIBC_2.3
```

Utakuta ni `__libc_start_main`. Mwaka 2021 glibc 2.34 iliingiza libpthread na libdl ndani ya libc yenyewe, na `__libc_start_main` ikapewa namba mpya ya toleo. Kwa hiyo hata programu ya mistari mitatu, ikikompailiwa kwenye Ubuntu 22.04 au 24.04, itadai 2.34.

Dawa ni kukompaili ndani ya kontena la Debian 11:

```
docker run -it -v $PWD:/kazi debian:bullseye
apt update && apt install crossbuild-essential-armhf
```

Hapo glibc ni 2.31 sawasawa na ya bodi. Usijaribu kunakili `libc.so.6` ya laptopu kwenda kwenye bodi. libc na `ld-linux-armhf.so.3` ni lazima ziwe toleo moja. Ukibadilisha moja tu, hata `ls` haitafunguka na itabidi utoe kadi ya SD.

#5 dunga_data

Nimefuata ya kontena. Kosa la GLIBC limeondoka, sasa ni `Illegal instruction` tu, hakuna neno lingine. Nimeongeza `-march=armv6` kwenye CFLAGS, gcc ikakataa:

```
sorry, unimplemented: Thumb-1 hard-float VFP ABI
```

#6 NyarSeme

Ndiyo hii niliyokuwa naiogopa. Ushauri wa kondele_elf ni sahihi kwa Pi 2, 3, 4, BeagleBone, Orange Pi na nyinginezo. Pi Zero na Zero W ni jamii nyingine.

Chipu ya Pi Zero ni BCM2835, na ndani yake kuna ARM1176JZF-S. Hiyo ni ARMv6 (kizazi cha zamani cha maagizo ya ARM) yenye VFPv2 (sehemu ya hesabu za desimali). Debian na Ubuntu wakisema "armhf" wanamaanisha ARMv7-A, VFPv3-D16, na maagizo ya Thumb-2 (Thumb ni seti ya maagizo ya ARM yaliyobanwa). Raspberry Pi OS ya biti 32 nayo inajiita "armhf" lakini imekompailiwa upya yote kwa ARMv6. Jina moja, vitu viwili. `dpkg --print-architecture` itakujibu `armhf` kwenye zote mbili, kwa hiyo amri hiyo haikusaidii hapa. Linganisha kompaila zenyewe:

```
gcc -v 2>&1 | grep -o 'with-[afm][^ ]*'
```

Kwenye bodi utaona `with-arch=armv6` na `with-fpu=vfp`. Ndani ya kontena, ukiuliza `arm-linux-gnueabihf-gcc -v`, utaona armv7-a na `with-mode=thumb`.

Hilo la Thumb-1 linatokana na hiyo `mode=thumb`. Ulipoteremsha hadi armv6, gcc ilibaki kwenye Thumb, na Thumb ya ARMv6 haiwezi kugusa rejista za desimali za VFP. Ukiongeza `-marm -mfpu=vfp` itakubali kukompaili. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza, na bodi inaendelea kufa vilevile.

Sababu ni kwamba swichi zako zinahusu faili zako za C tu. Linka inaongeza vitu vingine ambavyo hukuviandika: faili za crt zinazoanzisha programu (`crt1.o`, `crti.o`, `crtbegin.o`), na vipande vya `libgcc.a`, laibrari ya msaada ya gcc. Hivyo vilikompailiwa na Debian kwa ARMv7 zamani, na hakuna swichi ya kuvirudisha nyuma. Tazama mwanzo wa programu yoyote ya armhf ya Debian:

```
<_start>:
  f04f 0b00   mov.w  fp, #0
  f04f 0e00   mov.w  lr, #0
```

Hizo `mov.w` ni Thumb-2, biti 32 kila moja. ARM1176 haizijui. Inaisoma `f04f` peke yake kama nusu ya kwanza ya BL ya zamani, na `0b00` kama agizo jingine la kusogeza biti. Inatembea hatua chache ikiwa imepotea kabisa, halafu inaanguka. Ndiyo maana mara nyingine unapata `Illegal instruction` na mara nyingine `Segmentation fault` kwa kosa lilelile. Programu imekufa kabla ya kufika `main`, kwa hiyo kuweka `printf` kila mahali hakutakuonyesha kitu.

#7 mwalimu_kitale, Kitale

Swali kabla ya kuendelea: kwa nini usikompaili kwenye bodi moja kisha unakili .so kwa zile 17? libmodbus ni faili nne kubwa tu: `modbus.c`, `modbus-data.c`, `modbus-rtu.c` na `modbus-tcp.c`. Pi Zero yenye kiini kimoja cha 1 GHz na RAM 512 MB inaimaliza kabla chai haijapoa, na Raspberry Pi OS Lite inakuja na build-essential tayari. Sehemu ndefu ni configure, si make.

Njia ya laptopu ina faida pale unapobadilisha msimbo mara kwa mara, au laibrari ikiwa kubwa. OpenSSL kwenye Pi Zero inachukua muda mrefu mno.

#8 NyarSeme

Mwalimu amesema kweli, na kwa libmodbus peke yake ningefanya hivyohivyo. Ila dunga_data ataongeza laibrari nyingine, nijuavyo kazi hizi, kwa hiyo tuijenge njia ya laptopu vizuri mara moja.

Wazo ni hili: crt, libgcc, libc na heda zote zitoke kwenye bodi yenyewe. Laptopu itoe kompaila tu. Kwa kazi hiyo clang ni rahisi kuliko gcc, kwa sababu clang moja ina ARM, MIPS na nyingine zote ndani yake. Ukiipa sysroot (nakala ya faili za mfumo wa bodi), inatafuta humo folda ya gcc ya bodi na kuchukua `crtbegin.o` na `libgcc.a` kutoka huko. Gcc ya Debian, hata ukiipa `--sysroot`, huwa inachungulia kwanza `/usr/arm-linux-gnueabihf/lib` ya laptopu, na zile crt za ARMv7 zinarudi kwa mlango wa nyuma.

Kwenye bodi moja: `sudo apt install build-essential`. Kisha kwenye laptopu:

```
sudo apt install clang lld llvm qemu-user rsync
sudo mkdir /srv/pi && sudo chown $USER /srv/pi
rsync -aR --exclude=firmware --exclude=modules \
  pi@bodi:/lib :/usr/lib :/usr/include /srv/pi/
```

Usiruke hizo exclude, zinapunguza mzigo sana ikiwa bodi iko kwenye Wi-Fi dhaifu.

Sasa viungo vya faili. `libm.so`, `libdl.so` na wenzake kwenye Bullseye ni viungo vinavyoanza na `/`, kwa mfano `/lib/arm-linux-gnueabihf/libm.so.6`. Ndani ya `/srv/pi` kiungo hicho kinaelekeza kwenye `/lib` ya laptopu, ambako hakuna kitu. Ubaya ni kwamba linka hailalamiki. Inaruka kiungo kilichokatika, inakuta `libm.a` pembeni, na inameza vipande vyake ndani ya .so yako. Rekebisha hivi:

```
cd /srv/pi
find . -type l -lname '/*' | while read l; do
  ln -sfnr ".$(readlink "$l")" "$l"
done
```

Amri hii hurudiwa kila baada ya rsync mpya, kwa sababu rsync inarudisha viungo vya zamani.

Kisha skripti ndogo, `~/bin/pi-cc`, uipe chmod +x na uhakikishe `~/bin` iko kwenye PATH:

```
#!/bin/sh
exec clang --target=arm-linux-gnueabihf -mcpu=arm1176jzf-s \
  --sysroot=/srv/pi -fuse-ld=lld \
  -Wno-unused-command-line-argument "$@"
```

Ile ya `-Wno-unused` ina kazi yake. Bila hiyo, clang hutoa onyo la `-fuse-ld` kila inapokompaili bila kulinki, na configure nyingine huhesabu onyo kuwa jaribio limefeli. Nimependelea skripti kuliko kurundika swichi ndani ya CFLAGS kwa sababu libtool ina tabia ya kuchuja swichi isizozijua wakati wa kulinki. Zikiwa ndani ya skripti, haizioni.

```
make distclean
./configure --build=x86_64-linux-gnu --host=arm-linux-gnueabihf \
  --prefix=/usr/local --disable-tests \
  CC=pi-cc AR=llvm-ar RANLIB=llvm-ranlib CFLAGS=-O2
make -j4
make install DESTDIR=$PWD/pakiti
```

Angalia: `--prefix` ni mahali laibrari itakapokaa kwenye bodi. `DESTDIR` ni mahali pa muda kwenye laptopu. Ukiweka njia ya laptopu kwenye `--prefix`, itaandikwa ndani ya `libmodbus.pc` na kukusumbua baadaye.

#9 kondele_elf

Nyongeza kwa wenye libmodbus ya zamani. Mkikutana na `undefined reference to rpl_malloc` wakati wa kulinki, si kosa la kompaila. Configure inataka kuendesha jaribio la `malloc(0)`, haiwezi kwa sababu ni ARM, basi inakadiria mabaya na kudai malloc mbadala ambayo mradi hauna. Mpe jibu mwenyewe:

```
ac_cv_func_malloc_0_nonnull=yes ./configure ...
```

Mambo mengi ya aina hiyo yana jina linaloanza na `ac_cv_`. Fungua `config.log`, tafuta jaribio lililokwama, jina lake utalikuta mwishoni mwa faili.

Halafu ile `gnueabi` dhidi ya `gnueabihf`. Ukikompaili kwa `arm-linux-gnueabi` bila hf, programu inadai kipakiaji `/lib/ld-linux.so.3`, na bodi ina `/lib/ld-linux-armhf.so.3`. Bodi itasema `No such file or directory` wakati faili unaiona kwa macho yako. Kinachokosekana ni kipakiaji:

```
readelf -l soma_do | grep interpreter
```

Na ukichanganya .a ya aina moja na programu ya aina nyingine, linka ya GNU inasema `uses VFP register arguments` na jina la faili ambalo `does not`. Hakuna swichi ya kuwapatanisha, kompaili upya upande mmoja.

#10 njoro_biti, Njoro

Samahani kuingilia. Huku Nakuru tuna vihisi vya unyevu kwenye greenhouse na ruta yenye OpenWrt, `DISTRIB_ARCH='mips_24kc'`. Naweza kutumia hatua hizihizi nikibadilisha tu `--target` ya clang?

#11 NyarSeme

Hapana ndugu, usijisumbue. OpenWrt inatumia musl (laibrari nyingine ya C), si glibc, na `mips_24kc` ni big-endian (baiti kubwa hutangulia): `file` itaandika MSB. Zile za `mipsel_24kc` ndizo LSB. Chukua SDK ya OpenWrt ya toleo lilelile hasa lililo kwenye ruta na `DISTRIB_TARGET` ileile, usichukue iliyo karibu nalo. libmodbus iko tayari kwenye feeds:

```
./scripts/feeds update -a
./scripts/feeds install libmodbus
make package/libmodbus/compile
```

Marekebisho yako weka kama patch ndani ya folda ya pakiti hiyo.

#12 dunga_data

Nimefuata #8 mstari kwa mstari. Imekompaili. Nimenakili hadi `/usr/local/lib` ya bodi, nikaendesha ldconfig, na `soma_do` inafunguka bila Illegal instruction. Lakini mabadiliko yangu ya `modbus-rtu.c` hayaonekani, ni kama bado inasoma libmodbus ya apt. `ldconfig -p | grep modbus` inaonyesha zote mbili, ya `/usr/lib/arm-linux-gnueabihf` ikiwa ya kwanza. Kwenye laptopu `/usr/local/lib` huwa ya kwanza siku zote.

#13 kondele_elf

Hiyo ni alfabeti. ldconfig inasoma `/etc/ld.so.conf.d/*.conf` kwa mpangilio wa majina. `/usr/local/lib` imeandikwa ndani ya `libc.conf`. Kwenye laptopu faili ya multiarch inaitwa `x86_64-linux-gnu.conf`, x iko baada ya l, kwa hiyo /usr/local inashinda. Kwenye bodi inaitwa `arm-linux-gnueabihf.conf`, a iko kabla ya l, na /usr/lib inashinda. Bodi za aarch64 zina tatizo hilihili.

Ukifungua hiyo `arm-linux-gnueabihf.conf` utaona njia yake ya kwanza ni `/usr/local/lib/arm-linux-gnueabihf`. Sakinisha huko:

```
./configure ... --libdir=/usr/local/lib/arm-linux-gnueabihf
```

Toa ile uliyoweka `/usr/local/lib`, endesha ldconfig, kisha hakikisha kwa `LD_DEBUG=libs ./soma_do 2>&1 | grep modbus`. Usitumie LD_LIBRARY_PATH kama suluhisho la kudumu. Huduma ya systemd haisomi `.bashrc` yako, na bodi ikiwaka upya itarudi kwenye ya apt kimyakimya.

#14 NyarSeme

Na kabla ya kupeleka bodi zote 18, jaribu kwenye laptopu kwanza:

```
P=$PWD/pakiti/usr/local
pi-cc -O2 soma_do.c -I$P/include/modbus \
  -L$P/lib/arm-linux-gnueabihf -lmodbus -o soma_do
qemu-arm -cpu arm1176 -L /srv/pi \
  -E LD_LIBRARY_PATH=$P/lib/arm-linux-gnueabihf ./soma_do
```

`-cpu arm1176` ni ya lazima. Bila hiyo qemu-arm inaiga prosesa yenye kila kitu, Thumb-2 na NEON, na itaendesha kwa raha programu ambayo bodi itaikataa. Jaribuni ile ya kontena la Bullseye kwa qemu ya kawaida, kisha kwa arm1176, muone tofauti.

Kagueni pia sifa za faili:

```
readelf -A src/.libs/modbus.o
```

`Tag_CPU_arch` iwe v6 au v6KZ, na `Tag_ABI_VFP_args` iseme VFP registers. Nimesema .o makusudi. lld haijumlishi sifa za faili zote, inachukua za ile ya kwanza tu, ambayo ni crt. Kwa hiyo .so ikionyesha v7, crt zako zimetoka pasipofaa. Ikionyesha v6, umethibitisha crt tu, bado unatakiwa uangalie .o.

#15 fundi_kakamega, Kakamega

Hatua inayofuata kwa dunga_data bila shaka ni kutuma vipimo kwa MQTT (itifaki ya kutuma ujumbe mtandaoni), basi niandike na hii ya libmosquitto, laibrari yake, inayotumia CMake na inahitaji OpenSSL.

Kwanza, msikompaili OpenSSL. Bullseye tayari ina 1.1.1. Wekeni `libssl-dev` kwenye bodi, rudieni rsync na ile amri ya viungo, imeisha. OpenSSL ya kwenu wenyewe ni mzigo wa kuibeba kila kunapotoka marekebisho ya usalama. Mkilazimika, jina la bodi za ARM biti 32 ni `linux-armv4`, na chagueni kimoja: ama `CC=pi-cc`, ama `--cross-compile-prefix`. Mkiweka vyote viwili na CC tayari ina jina kamili, make itatafuta `arm-linux-gnueabihf-arm-linux-gnueabihf-gcc`.

Tengeneza `pi-c++` kama `pi-cc` ila kwa clang++, kwani CMake ya mosquitto inaikagua hata kama huitumii. Faili `pi.cmake`:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR armv6l)
set(CMAKE_SYSROOT /srv/pi)
set(CMAKE_LIBRARY_ARCHITECTURE arm-linux-gnueabihf)
set(CMAKE_C_COMPILER pi-cc)
set(CMAKE_CXX_COMPILER pi-c++)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_PROGRAM NEVER)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_LIBRARY ONLY)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_INCLUDE ONLY)
set(CMAKE_FIND_ROOT_PATH_MODE_PACKAGE ONLY)
```

```
cmake -B jenga -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=$PWD/pi.cmake \
  -DWITH_BROKER=OFF -DWITH_CLIENTS=OFF -DWITH_APPS=OFF \
  -DWITH_PLUGINS=OFF -DWITH_LIB_CPP=OFF -DDOCUMENTATION=OFF
```

Mkibadilisha pi.cmake, futeni folda ya jenga yote. CMake hukumbuka kompaila ya mara ya kwanza.

Na pkg-config ndiyo inayopenyeza vitu vya Intel kuliko kitu kingine chochote:

```
export PKG_CONFIG_SYSROOT_DIR=/srv/pi
export PKG_CONFIG_LIBDIR=/srv/pi/usr/lib/arm-linux-gnueabihf/pkgconfig:/srv/pi/usr/share/pkgconfig
```

Ni LIBDIR, si PATH. `PKG_CONFIG_PATH` inaongeza tu juu ya zile za laptopu, LIBDIR inazifuta. Mkiona `-I/usr/include/x86_64-linux-gnu` kwenye `make V=1`, kuna kitu kimepenya. Simameni hapohapo.

#16 mwalimu_kitale

Jambo ambalo kompaila haitawaambia: kwenye ARM, `char` tupu haina alama ya hasi. Kwenye Intel inayo. Baiti 0xFB ya marekebisho ya kihisi ikiwekwa kwenye `char`, laptopu inasoma -5 na bodi inasoma 251. Andikeni `int8_t` au `uint8_t`. Ikiwa msimbo si wenu na ni mrefu, `-fsigned-char` itawaokoa kwa muda.

`long` nayo ni baiti 4 kwenye bodi, 8 kwenye laptopu. Na msigeuze `uint8_t*` kuwa `double*` kwa mabano tu. Intel inavumilia anwani isiyopangika, VFP haivumilii. Tumieni memcpy.

Msichanganye hayo na mpangilio wa rejista za kihisi. 6.5 mg/L kama desimali ya biti 32 ni 0x40D00000. Kihisi kimoja kitatuma 40D0 kisha 0000, kingine 0000 kisha 40D0. Ukitumia `modbus_get_float_abcd` kwa cha pili utapata namba ndogo mno inayochapwa 0.00, na utadhani kihisi kimekufa. Kihisi hicho kinataka `modbus_get_float_cdab`. Prosesa haihusiki kabisa hapo, itakuwa hivyohivyo kwenye Intel.

#17 dunga_data

Imekubali. `--libdir` ya #13 imerekebisha. `.o` inasema v6KZ, `.so` v6, qemu ya arm1176 inapita, na bodi ya kwanza inasoma. Kihisi ni cdab kama alivyosema mwalimu, 0.00 imekuwa 5.8.

Swali la mwisho: bodi zikihamia Debian 13 siku moja, nitumie .so hii hii?

#18 NyarSeme

Hapana, vuta sysroot mpya na ukompaili tena. Debian 13 imehamisha `time_t` ya armhf kutoka biti 32 hadi 64 kwa ajili ya mwaka 2038. Laibrari yoyote inayopokea `struct timeval` au `time_t` kwenye funksheni zake itavunjika ikichanganywa ya zamani na mpya. Kwa libmodbus una nafuu: tangu 3.1 `modbus_set_response_timeout` inachukua `uint32_t` mbili, sekunde na maikrosekunde. Ni zile 3.0 zilizokuwa zikichukua `struct timeval`. Na usitegemee Debian 13 armhf yenyewe iwake kwenye Pi Zero, ile ni ARMv7. Chukua Raspberry Pi OS ya biti 32, kisha rudia ile `gcc -v` ya #6 kwenye bodi moja kabla ya kugusa zile 17.